Meli ya matanga si meli ya kilio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, na kama itakuwa ndefu mkate mnapotaka, ila msikate pale ninapoongelea hesabu ya watu, juu hiyo njo imenifanya nikamate kalamu.

Majuma mawili yaliyopita mlitoa barua ya kijana wa Kadutu, anauliza kuhusu zile meli kubwa za matanga ambazo vijana wanashindana nazo baharini huko Ulaya. Alitaka kujua kama mtu wa Bukavu anaweza kuingia kwenye ekipaji, yaani wale watu wa kazi wa meli, kama lazima ujue kuogelea, bei gani, na ndani wanakula nini. Juma lililofuata watu watatu wakamjibu na wote watatu walikuwa wanamcheka tu, mmoja eti Mkongomani na bahari wapi na wapi, mwingine eti amalize kwanza deni la shule. Mimi nilisoma nikiwa kwenye foleni ya benki, nikacheka pia, halafu nikaona haya, maana mimi mwenyewe niliingia kwenye meli ya namna hiyo, Julai 2016, kutoka Antwerp mpaka Lisbon, na kidole cha kati cha mkono wa kushoto bado kiko na alama.

Huyo wa "bahari wapi na wapi" nimkumbushe tu kwamba Kongo iko na bahari, ni kidogo lakini ipo, kilometa 37 hivi pale Moanda na Banana. Na sisi wa huku tumezaliwa juu ya maji, ziwa letu la Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari na kina chake ni karibu mita 480, kila siku watu wanalivuka kwenda Goma na Idjwi na Minova. Sasa huyo Mkongomani asiyejua maji ni yupi?

Nilipompigia mama simu kumwambia ninaingia kwenye meli ya matanga alinyamaza kwanza. Akauliza, "Matanga ya nani tena?" Alidhani kuna mtu amekufa na ninasafiri kwa ajili ya kilio. Nikamwambia hapana mama, matanga ni zile nguo kubwa za kukamata upepo. Akasema, "Mutoto yangu, uko na akili? Umeteseka kupata masomo, sasa unaenda kujitupa mu mayi?" Papa yeye akachukua simu akauliza swali moja tu, kama nahodha ni mlevi. Nikasema sijui. Akasema basi muangalie siku ya kwanza, kama anakunywa, shuka.

Haya mashindano si ya jana. Yalianza mwaka 1956, wazo la mwanasheria mmoja mstaafu wa London, Bernard Morgan, aliyetaka vijana wanaojifunza ubaharia kutoka nchi mbali mbali wakutane na kushindana kirafiki, meli kama 20 zikatoka Torbay kusini mwa Uingereza zikaenda Lisbon. Walidhani ni mara moja tu, kama kuaga zile meli juu injini zilikuwa zimeshazimaliza, kumbe watu walipenda na mpaka leo yanaendelea, sasa yako chini ya shirika la Sail Training International. Na sikieni hii: mshindi wa mwaka ule wa kwanza, Moyana, meli ya shule ya mabaharia ya Southampton, ikiwa njiani kurudi nyumbani ikakutana na tufani ikazama. Mshindi kabisa! Lakini watu wote waliokolewa, hata mmoja hakupotea. Hilo nitalirudia.

Sheria kubwa ambayo kijana wetu aishike ni hii, angalau nusu ya watu walio ndani ya kila meli inayoshindana lazima wawe na umri wa miaka 15 mpaka 25. Hiyo nusu ni watu wa kujifunza, hawaulizwi kama wamewahi kupanda meli. Wa miaka 40 pia anaweza kuingia lakini anahesabiwa kwenye nusu nyingine. Mimi nilikuwa na 23, nasoma maabara huko Ghent, nikaona tangazo limebandikwa pale tunapofulia nguo, nikajaza fomu usiku nikiwa na hasira za mtihani. Fomu iliuliza kama najua kuogelea. Niliandika ukweli, "kidogo, ziwani, pembeni". Wakanikubali. Ada nusu nililipa na pesa za kuosha vyombo kwenye restora wikendi, nusu ilitoka kwenye mfuko mmoja wa kusaidia vijana wasio na uwezo, na mdogo wangu usione aibu kuuliza kama kuna bursi, meli nyingi zinatafuta watu wa kujaza nafasi na hazipendi kitanda kibaki tupu.

Sasa sitaki kumdanganya mtu. Bahari siyo ngumu, makaratasi njo magumu. Mimi nilikuwa na kadi ya ukaazi ya Ubelgiji na bandari zote mbili zilikuwa ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, nikapita bila shida. Anayetoka hapa Bukavu lazima afike kwanza Kinshasa, na wote tunajua kutoka huku mpaka Kinshasa ni ndege au ni ndoto. Viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024 na wakikukatalia hazirudi. Na aangalie vizuri orodha ya bandari kabla hajalipa kitu, juu mwaka 2018 walianzia Sunderland na mwaka 2025 walipitia Aberdeen, zote ni Uingereza, hapo ni viza nyingine kabisa na pesa nyingine. Binamu yangu alijaribu, barua ya meli anayo, bima anayo, cheti cha daktari anacho, kwenye ubalozi mmoja wakamwandikia kwamba hawaamini kama atarudi. Alilia siku mbili. Leo anauza simu Nyawera na hataki kusikia neno meli. Kwa hiyo wale waliocheka kama wangesema "mdogo wetu, viza ni ngumu" ningewaelewa, lakini hawakusema hivyo, walisema si mambo yetu.

Jina la meli yetu sitaji juu kuna mtu wa mule nitamsema kidogo. Ilikuwa ya daraja A, hilo daraja la meli kubwa, milingoti mitatu, matanga ya mraba yametundikwa kwenye miti mirefu iliyolala. Mimi ile miti nilikuwa naiita kwa Kifaransa tu, mpaka dada mmoja wa Zanzibar tuliyekaa naye nyumba moja Ghent akanicheka, akasema huo mti kwa Kiswahili ni foromali, na kamba ya kupandishia tanga ni henza, na ile ya kulishikilia pembeni ni demani. Nilijisikia mjinga. Nimesoma Kiswahili tangu utotoni sikuwahi kuyasikia, maneno yako pwani yanakaa tu yanatungoja.

Kamba zilikuwa zaidi ya mia, na kila moja iko na kigingi chake. Siku mbili za kwanza kazi ni kutembea na kushika, hii ni ya nini, hii ni ya nini, halafu usiku wanakuuliza tena gizani bila tochi, unatafuta kwa vidole. Ukifungua kamba isiyo yako kuna mtu anaweza kuanguka. Mimi siku ya tatu niliacha kidole karibu sana na pale kamba inapoingia kwenye gurudumu lake, wenzangu wakavuta, basi. Kilivimba kama kitoke.

Kupanda mlingoti si lazima, wanauliza tu, hawasukumi mtu. Mimi nilikataa mara mbili, ya tatu nikapanda juu Mholanzi mmoja mwembamba kuliko mimi alipanda. Unapanda upande upepo unakotoka ili ukubandike kwenye kamba usikutoe, na mikono inashika kamba zilizosimama, si zile zilizolala za kukanyagia, juu za kukanyagia zinaweza kukatika. Mshipi unao, una ndoana, unaifunga. Ukifika juu kwenye foromali unasimama juu ya kamba moja tu inayoning'inia, tumbo umelilaza kwenye mti, na kabla mtu hajakanyaga kamba ile lazima apige kelele kwanza kwamba anaingia, maana uzito wake unawanyanyua ninyi wote mlioko tayari. Mimi niliposikia ile kamba inapanda chini ya miguu yangu nilitaja majina ya watakatifu wote wa parokia yetu. Mikono ilinuka lami mpaka Lisbon.

Kazi ni kwa muda wa saa nne, kupumzika muda wa saa nane, mchana na usiku. Kundi letu lilipewa saa sita za usiku mpaka saa kumi, saa mbaya kuliko zote. Unazunguka, saa moja kwenye usukani, saa moja kutazama mbele kama kuna taa, saa moja kuzungukia meli kuangalia moto, nyingine unakaa tayari kwa kamba. Kwenye usukani afisa anataja digrii za dira, "mia mbili na kumi", unajibu "mia mbili na kumi", sindano ikifika pale unasema tena "mia mbili na kumi", naye anajibu kwamba amesikia. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watoto. Halafu usiku upepo ukiwa unapiga kelele unaelewa kwa nini neno linasemwa mara nne.

Kwenye Ghuba ya Biscay niliumwa vibaya sana. Mawimbi ya pale si kama ya Kivu, ya Kivu ni mafupi yanakupiga makofi, yale ni marefu, meli yote inapanda mlima inakaa juu kidogo halafu inashuka na tumbo lako linabaki juu. Mpishi alinipa mkate mkavu na tangawizi akaniambia nitazame pale mbingu na maji vinapokutana. Ushauri kwa kijana: tapika upande upepo unakoenda, hilo mimi nilijifunza mara moja tu na koti langu ni shahidi.

Kitu kimoja kilinifurahisha. Siku hiyo tulikuwa kumi na tano tunavuta henza kupandisha foromali, Wapolandi, Wabelgiji, Wareno wawili, kila mtu anavuta wakati wake, mti haupandi. Mimi mama yangu ni wa Idjwi, nimekua nasikia wavuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, wanatoka jioni na zile boti zao tatu zimefungwa pamoja kwa miti mirefu, wanapiga kasia na wimbo, mmoja anaita wote wanajibu. Nikaanza kuita tu, sauti yangu yenyewe mbaya, nikawaonyesha wapi pa kujibu. Hawakuelewa neno hata moja lakini foromali ilipanda, na tangu siku hiyo kila mara kukiwa na kuvuta walikuwa wananitafuta, "Congo yuko wapi?"

Wareno wenyewe walikuwa wehu kuanzia siku ya kwanza, juu tuliondoka Antwerp Julai 10, siku ile ile Ureno ilicheza fainali na Ufaransa, na habari ya bao la Éder, mtoto aliyezaliwa Bissau, ilitufikia kwenye redio usiku, wakapiga sufuria mpaka nahodha akatoka (papa, hakuwa mlevi, alikunywa chai tu). Baada ya Biscay upepo wa kaskazini ukatukamata mgongoni tukashuka kando ya Ureno kama mtu anayeteremka mlima wa Essence hapa Bukavu. Hatukushinda. Na hata anayefika kwanza si lazima ashinde, wanapiga hesabu ya aina ya meli na muda wake, ndiyo maana ndogo inaweza kuipita kubwa. Kuna kombe lingine linalopendwa sana, la urafiki, hilo ekipaji zenyewe zinapigia kura. Hilo pia hatukupata, haidhuru.

Sasa nifike pale nilipoomba msikate.

Yule mtu nitakayemsema ni afisa wa pili. Hakunipenda na mimi sikumpenda, alikuwa anaongea kama anabweka. Kabla hatujafungua kamba Antwerp alituweka sote juu, jile, yaani fulana za kuelea, zimevaliwa zimefungwa, akaita jina kwa jina, kila mtu aseme kitanda chake na chombo chake cha kuokolea ni namba gani. Mmoja akakosekana. Alikuwa anaoga. Tulimngoja jua likituchoma, akaja na maji kichwani, na afisa hakuongeza moja kwenye hesabu yake kama mimi ningefanya, alianza upya kutoka jina la kwanza. Kila zamu ikibadilishwa, mchana au usiku, tunahesabiwa tena. Usiku mmoja saa tisa alisimamisha kila kitu juu alikosa mtu mmoja, tukatafuta mpaka chini kwenye viazi, kumbe alijisahau yeye mwenyewe. Tulicheka sana. Yeye hakucheka, akaandika hesabu kwenye kitabu.

Mwaka jana nilitoka Goma kurudi nyumbani na boti, ya nani sisemi. Karani alinitazama akaandika kwenye karatasi "Mama Bukavu". Nikamwambia niko na jina. Akasema inatosha. Mbele yangu mama mwenye watoto wanne aliandikwa mtu mmoja. Jile niliziona, nyingi tu, zimefungwa pamoja kwa kamba ya nailoni chini ya mifuko ya maharagi, yaani ili uvae moja lazima kwanza uteremshe maharagi ya watu. Nikaomba moja. Kijana wa boti akanijibu kwa heshima kabisa, "Mama, unatafuta jile sababu gani? Unataka kutuletea mukosi?" Na abiria wakamuunga mkono! Baba mmoja akaniambia nikiogopa nishuke, kiti kiko na mwenyewe.

Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wako ufukweni wanaitazama inakuja, na baadaye hesabu ya waliokuwa ndani kila mtu akawa na yake. Niliwaza yule afisa wangu anayebweka. Moyana ilizama katikati ya tufani na kila mtu akapatikana, sisi mtu anazama akiona nyumba yao na hatujui hata kama alikuwa ndani. Sisemi kuhesabu kunazuia boti kuzama. Lakini huwezi kumtafuta mtu usiyejua kwamba amepotea, na familia ngapi hapa Bukavu na Goma zilikaa siku tatu nne zinapiga simu isiyoshikwa.

Kwa hiyo mimi sasa nikipanda nahesabu mwenyewe. Naanza pale mbele, mtoto wangu wa miaka sita ananisaidia upande wa kushoto, watu wanatutazama kama wachawi. Mara ya mwisho tulifika 143 tukaacha, watu walikuwa bado wanaingia.

Kijana wa Kadutu, ukipata hiyo viza nenda. Na barua hii ikimfikia mwenye boti yoyote, vitu ninavyomwomba ni daftari, kalamu, na kuyatoa yale maharagi juu ya jile. Injini mpya sijamwomba.

Nimesahau swali lake la chakula. Hakuna bugali. Viazi, mkate, supu, viazi tena, na samaki siku moja. Mimi niliingia na sambaza kavu, mama alinitumia kwa mtu aliyekuwa anasafiri, nikazificha chini ya kitanda na siku ya pili chumba chote kikaanza kulalamika harufu. Afisa wa pili akaja kukagua, akanusa, akauliza ni kitu gani kimekufa. Nikamwonjesha. Hakusema neno, lakini kesho yake baada ya kutuhesabu alirudi akasimama pale mlangoni, ameshika sahani.

Msomaji wenu,
Muhumba, Bukavu